Mji wa Wakulima Una Wageni Wake Tayari

Mtu akirudi kutoka mji mdogo wa wakulima, ule usiotajwa kwenye kipeperushi chochote cha utalii, husema moja kati ya mambo mawili. Ama "kule kumetulia, usiseme," ama "kule hakuna kitu." Anayesifu na anayeponda wanakosea pahala pamoja. Wote wawili wanadhani mji ulikaa ukiwangoja wao. Mmoja akaupenda kwa kutojipamba, mwingine akauchukia kwa hilo hilo.

Mimi naona hivi. Mji wa wakulima ni mji wa wageni tangu ulipoanza, na kupokea wageni ndiyo kazi yake. Ila wageni wenyewe si mimi wala wewe mwenye begi mgongoni. Ni watu wa mashambani wanaofika asubuhi na magunia, wakauza, wakanunua mbegu, wakatengenezewa pampu iliyogoma, wakasikia habari za misiba na za bei, na kabla jua halijazama wakashika njia ya kurudi. Msafiri akilijua hilo, mengi anayoyahesabu kuwa mapungufu ya mji yanapata maelezo.

Chukua suala la malazi, ambalo ndilo lalamiko la kwanza. Vyumba ni vichache, na vilivyopo ni kama vya dharura. Katika karne ya 13 mwanasheria wa Uingereza, Henry de Bracton, aliandika kanuni ya umbali unaofaa kati ya soko na soko. Mwendo wa mtu kwa siku moja, alisema, ni maili 20. Ugawe mafungu matatu: la kwanza la kwenda, la pili la kuuza na kununua, la tatu la kurudi nyumbani kukiwa bado na nuru. Kwa hiyo soko jipya lisijengwe karibu na la zamani chini ya theluthi ya mwendo huo, yaani takribani kilomita 11. Miaka mia saba baadaye, mwaka 1933, mwanajiografia wa Ujerumani Walter Christaller aliichambua miji ya kusini mwa nchi yake, akaeleza kwamba vituo vidogo kabisa vya soko vilipangana kwa umbali wa kama kilomita 7, kila kimoja kikihudumia eneo ambalo mtu analimaliza kwa saa moja hivi ya kutembea.

Wawili hao hawakuwa na uhusiano wowote, ila wote walipima kwa kipimo kile kile: mguu wa mtu aliyebeba mzigo. Na kipimo hicho kina sharti ndani yake, kwamba mgeni analala kwake. Kumlaumu mwenye mji kwa uhaba wa vitanda ni kumlaumu fundi wa daladala kwa kutoweka vyumba vya kulala ndani ya basi.

Halafu kuna kimya chenyewe. Mwanaanthropolojia wa Marekani G. William Skinner, aliyefanya utafiti wake Sichuan, China, mwaka 1949 na 1950, alionyesha jinsi masoko ya vijijini kule yalivyokuwa yakipokezana. Siku zilihesabiwa kwa makumi. Mji mmoja ulikuwa na gulio siku ya 1, ya 4 na ya 7. Jirani yake siku ya 2, ya 5 na ya 8. Wa tatu siku ya 3, ya 6 na ya 9. Wachuuzi na mafundi walizunguka na ratiba hiyo, leo hapa, kesho pale, kwa sababu hakuna mji hata mmoja kati ya hiyo uliokuwa na wateja wa kutosha kumweka fundi mahali pamoja siku zote. Mpangilio wa namna hii haukuwa wa China peke yake. Magulio ya zamu yapo popote ambapo wanunuzi wametawanyika mashambani na fedha yao ni ya msimu.

Sasa mweke msafiri kwenye mji wa kwanza, siku ya 2. Anakuta meza tupu, mbwa kalala chini ya kibanda, mzee mmoja anamtazama bila haraka. Anapiga picha. Anaandika kwamba amegundua mji uliosahauliwa na dunia. Angefika siku moja kabla, angetafuta pa kukanyaga.

Nimeshafanya kosa hilo, tena kwa kujiamini kabisa. Niliingia mji wa namna hiyo saa nne asubuhi katikati ya palizi, nikakuta milango imefungwa mtaa mzima, nikaandika kwenye daftari kwamba watu wa pale wana maisha ya taratibu. Watu wa pale walikuwa shambani tangu alfajiri. Wa taratibu nilikuwa mimi.

Aliyelichambua kosa hili vizuri kuliko wote ninaowajua hakuwa akizungumzia watalii. Robert Chambers, mtafiti wa Uingereza wa masuala ya vijijini, mwaka 1983 aliandika juu ya kile alichokiita utalii wa maendeleo vijijini: maofisa na wataalamu wanaotoka mjini asubuhi, wanatembelea kijiji kwa saa chache, wanarudi na hakika tele. Aliorodhesha mielekeo inayowapofusha. Wanafuata barabara ya lami, na maskini wengi wanaishi mbali nayo. Wanapelekwa penye mradi. Wanazungumza na wakubwa wa mahali, aghalabu wanaume, tena wale walio hai, wazima na waliopo. Mgonjwa yuko ndani, aliyehama hayupo, aliyekufa hasemi. Wanaogopa kuuliza la aibu kwa heshima ya mwenyeji. Na wanakuja kiangazi, barabara zinapopitika.

Huo wa mwisho ndio ninaouona mzito kuliko yote. Kwa wakulima wadogo wa nchi nyingi za joto, wakati wa mvua ndio wakati akiba ya chakula imekwisha na mavuno mapya bado, kazi ni nyingi kuliko kipindi kingine chochote, malaria imepanda, na deni la pembejeo limeshachukuliwa. Baada ya mavuno, mambo yanabadilika: ghala lina kitu, fedha inazunguka, arusi zinafungwa, watu wana muda wa kukaa barazani. Msafiri naye anasoma kwamba msimu mzuri wa kutembelea ni kiangazi. Anafika, anakuta watu wakarimu wenye nafasi, anaondoka akiamini kwamba huo ndio mwaka wao mzima. Hajadanganywa na mtu. Amekutana na ukurasa mmoja wa kitabu akadhani amekimaliza.

Je, basi aende wakati wa mvua? Hapa sina jibu la mkato. Fedha yake ingefaa zaidi wakati huo, kwa kuwa ndio wakati fedha haipo. Lakini ndio wakati watu hawana hata nusu saa ya kumpa, na mgeni anayekwama kwenye matope anakuwa mzigo wa watu ambao wangekuwa wanapalilia. Nadhani anayekwenda mvua inaponyesha awe na sababu ya kwenda na uwezo wa kujihudumia, na asidai kusindikizwa. Anayekwenda kiangazi angalau aulize swali moja la kawaida kabisa: miezi mitatu iliyopita hapa palikuwaje? Wakulima hulijibu swali hilo kwa urefu. Ni swali la kazi yao.

Hata hivyo si kila kimya ni cha ratiba. Kipo kimya kingine, na msafiri asiyekitofautisha atakuwa anapiga picha ya maiti akidhani amelala. Tarehe 31 Machi 2019 maelfu ya watu kutoka mikoa ya ndani ya Hispania waliandamana Madrid kulalamika kwamba vijiji na miji yao inakufa kwa kukosa watu na huduma. Japani, katika sensa ya nyumba ya mwaka 2023, ilihesabu nyumba zisizokaliwa zipatazo milioni 9 nchi nzima, na uwiano wake ni mkubwa zaidi katika wilaya nyingi za mashambani. Ajabu ya kimya hiki ni kwamba mara nyingi shamba lenyewe linazaa vizuri kuliko zamani. Kombaini moja inavuna kwa siku eneo ambalo zamani lilihitaji kikosi kizima cha vibarua, na vibarua hao ndio waliokuwa wakinunua viatu, wakikata nywele, wakipeleka watoto shule. Ngano inafika upeo wa macho na kinyozi hana kichwa cha kunyoa.

Injini iliuvunja pia ule mwendo wa Bracton. Mkulima mwenye lori haoni sababu ya kusimama kwenye mji wa kilomita 11 wakati kilomita 60 mbele kuna mji mkubwa wenye bei nzuri na vipuri vyote. Barabara nzuri, ambayo kila mwanasiasa huahidi kwamba itauinua mji mdogo, mara nyingine ndiyo inayomsaidia mteja kuupita. Sisemi barabara zisijengwe. Nasema tu kwamba lami hupeleka watu pande zote mbili.

Kuvitofautisha vimya hivi viwili si kazi ngumu, ila inataka kutazama vitu visivyo vya picha. Fundi wa matrekta au wa baiskeli ana kazi mbele yake? Mashine ya kusaga inanguruma, au kufuli yake imeota kutu? Shule ina madarasa mangapi yanayotumika? Bao la matangazo lina arusi au lina misiba mitupu? Duka la pembejeo ndilo kipimo ninachokiamini zaidi, kwa sababu hakuna anayeweka mbegu na mbolea dukani kwa ajili ya kumbukumbu. Mtu ananunua mbegu akiamini atakuwepo wakati wa mavuno.

Tuje kwenye mandhari, maana ndiko ugomvi ulipo. Waswahili husema vyaelea, vimeundwa. Biei ni mji wa wakulima katika kisiwa cha Hokkaido, Japani, wenye vilima vilivyogawanyika vipande vya rangi tofauti: ngano, viazi, maharage, viazisukari. Picha za Shinzo Maeda, aliyeanza kuupiga mji huo katika miaka ya 1970, ziliufanya ujulikane, na vile vipande vya rangi vikawa kivutio. Ni nini kinachotengeneza rangi zile? Mzunguko wa mazao. Mkulima anabadilisha zao kila mwaka ili ardhi isichoke na magonjwa yasikomae, na matokeo yake yakionekana kwa mbali ni shuka la viraka. Hakuna aliyeyapaka kwa ajili ya macho ya mtu.

Kwenye shamba moja la Biei ulikuwepo mti uliopinda, watu wakauita Mti wa Falsafa kwa jinsi ulivyoinama kama mwenye mawazo. Wageni wakawa wanaingia shambani kuupiga picha, wakikanyaga mimea, wakiambiwa hawasikii. Februari 2016 mwenye shamba aliukata. Mti wenyewe ulikuwa mkongwe na dhaifu, ndiyo, lakini uvamizi ule ulikuwa sehemu kubwa ya sababu. Januari 2025 katika mji huo huo ikakatwa safu ya miti mingine ipatayo 40, iliyokuwa ikivuta msongamano wa wageni na kivuli chake kikilalia mazao.

Habari ile ilipotoka wengine walisikitika kama aliyekatwa ni ndugu yao. Nawaelewa, lakini siwezi kumlaumu mkulima. Kwake mti ule ulikuwa pembezoni mwa kazi. Kwa mgeni, kazi ndiyo iliyokuwa pembezoni mwa mti. Mgeni wa pili, mtalii, alimkanyaga wa kwanza, mkulima, yule ambaye mji na shamba vipo kwa ajili yake. Upande wa pili wa jambo hilo hilo ulionekana Ufilipino. Matuta ya mpunga ya Cordillera, yaliyo mkoani Ifugao, yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995. Mwaka 2001 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini na yakabaki humo hadi 2012, kwa kuwa kuta zilikuwa zinabomoka, mifereji inaziba, na vijana wengi hawataki tena kazi ile. Kule Biei mkulima alikuwepo akaondoa kivutio. Ifugao kivutio kilikuwepo, mkulima ndiye aliyekuwa anaondoka, na kivutio kikaanza kumfuata.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii watu huitaja kwa mzaha, kama ya kumfukuza mtu aliyezidisha ukaaji. Mimi naisoma kama sera ya utalii iliyokamilika. Haikatai mgeni. Inampa siku mbili za kuhudumiwa bila swali, kisha inamwambia kwamba mahali hapa panaishi kwa kazi, na anayekaa huingia kwenye kazi. Mwaka 1971 Sue Coppard, katibu muhtasi wa London aliyekuwa na hamu ya kutoka mjini, alipanga wikiendi za watu wa mjini kwenda kufanya kazi kwenye shamba la kilimo hai kwa malipo ya chakula na malazi. Ndipo ulipoanzia mtandao wa WWOOF, ambao leo umeenea nchi nyingi. Kwa maneno mengine, jembe lilitolewa siku ya kwanza.

Jembe lina kasoro zake. Mgeni asiyewahi kulima hung'oa mche akaacha gugu, na mkulima anatumia muda mwingi kumwelekeza kuliko anaouokoa. Pia pale penye vibarua wanaohitaji ujira, kumweka mgeni wa bure kwenye mstari wao ni kuwanyang'anya riziki. Kwa hiyo naipenda zaidi njia ya Italia. Sheria yake ya mwaka 1985 iliruhusu wakulima kulaza na kulisha wageni shambani, kwa sharti kwamba kilimo kibaki ndiyo shughuli kuu na wageni wawe nyongeza. Sheria ya mwaka 2006 iliyochukua nafasi yake ilibakiza msingi huo. Sharti hilo laonekana dogo. Bila hilo, shamba huanza kuwa bustani ya hoteli: ng'ombe wawili wa kupigwa picha, mizabibu mitatu, na mwenye shamba anayenunua nyanya sokoni kama sisi sote.

Niseme pia juu ya viatu, ingawa najua si mada ya kupendeza. Udongo husafiri. Ule mnyauko wa migomba unaojulikana kama TR4 unaambukizwa na kuvu anayekaa ardhini miongo kadhaa, na tope kwenye soli linatosha kumhamisha kutoka shamba moja hadi jingine. Mwaka 2019 ulithibitishwa Kolombia, na Amerika Kusini ikaingia kwenye ramani yake. Mkulima akikuwekea beseni la dawa mlangoni, usicheke wala usiruke. Uingereza mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipolipuka, njia za watembea kwa miguu mashambani zilifungwa na wanyama zaidi ya milioni 6 wakachinjwa. Wageni hawakuwa chanzo. Ila hesabu zilipopigwa ilionekana kwamba hasara ya biashara zinazotegemea watalii ilizidi ya wafugaji wenyewe, ambao walau walifidiwa. Wengi walishangaa kugundua kwamba watu waliokuwa wakija mashambani "kutazama tu" walikuwa wanategemea ng'ombe kiasi hicho.

Kisa hicho kinanikumbusha nisizidishe ukali. Mji wa wakulima unaweza kufaidika sana na mgeni wa pili. Bei ya zao ikianguka, chumba kimoja cha kupangisha huweza kuokoa karo ya mtoto. Swali ni idadi na kasi. Mwanajiografia Richard Butler alieleza mwaka 1980 kwamba sehemu za utalii hupitia hatua: kwanza wachache wanaojitafutia njia wenyewe, kisha wenyeji wanaanza kuwahudumia, kisha wawekezaji wa nje, msongamano, kudumaa, na baada ya hapo kushuka au kuanza upya kwa sura nyingine. Anayejivunia kwamba hafuati njia ya watalii hayuko nje ya mchoro huo. Yuko kwenye mstari wake wa kwanza, na picha anayoirusha jioni yenye jina la mji na ramani ya kufikia ni tangazo lisilolipiwa. Siku hizi naonelea ni uungwana kuutaja mji kwa mdomo, kwa mtu unayemjua, ambaye unaweza kumwambia pia siku ya gulio na mahali pa kuoshea viatu.

Ningekuwa wa kupanga safari ya mtu, ningemwambia afike jioni ya kuamkia gulio, alale anapopata, na asubuhi asitafute cha kutazama bali akae karibu na mizani. Kila kitu cha mji ule kinapita pale. Utaona ni zao gani linaletwa kwa wingi na lipi linaletwa kwa aibu, dalali anamwita nani kwa jina, nani anapima mara mbili kwa kutoaminiana, na mama yupi hata dalali hathubutu kumpunja. Saa nane mchana sauti zinaanza kupungua. Wa mbali wanaanza kufunga mizigo kwanza, kwa sababu mwendo wao ni mrefu. Wa karibu wanabaki kubishana bei ya mwisho. Kufikia saa kumi na moja mizani inafunguliwa kutoka mtini, turubai zinakunjwa, na mtu aliyekuja na gunia alfajiri analikung'uta, analikunja na kulitia kwapani. Akikuona bado umekaa, atakuuliza kama unapanda lori lao au unalala.